Sifongo ya Jambiani: miezi saba bafuni kwangu

Hii sifongo niliinunua Jambiani, Unguja, kwa mama mmoja anayezilima baharini. Zamani alikuwa mtu wa mwani. Maji yakazidi joto, mwani ukawa unamfia, akahamia huku. Anakata vipande vya sifongo hai, anavitunga kwenye kamba zenye maboya, na kila kipande kinakua mpaka kikawa sifongo kamili. Bei yake ilinishtua. Ningepata madodoki kumi na chenji ya chapati.

Nilipofika nyumbani nikajuta zaidi, maana ilikuwa imekauka, ngumu kama mkate wa juzi. Nikaitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Hata dakika haikuisha, ikavimba na kulainika kama shavu la mtoto. Sabuni kidogo tu, povu la kuogea mwili mzima.

Unachosugulia hapo ni kiunzi cha mnyama. Nyama yake imeozeshwa na kuoshwa, zikabaki nyuzi za sponjini, protini iliyo jamaa na kolajeni ya ngozi zetu. Sifongo nyingi zina visindano vya silika, kitu kimoja na kioo. Ndivyo vilivyokuwa vikituwasha viganja utotoni tukiziokota ufukweni. Hizi za kuogea hazinavyo, ni nyuzi tupu.

Ninayo na ya pili, niliyouziwa duka moja la mjini kwa jina hilohilo la "asilia". Nilizitilia shaka, nikachomoa uzi kila moja, nikawasha kiberiti. Wa Jambiani ulinuka nywele zilizoungua, ukaacha majivu ya kufikichika. Wa mjini uliyeyuka ukawa kishanga cheusi. Plastiki, basi.

Sasa kosa langu. Mwezi wa nne wa kuitumia, ile ya Jambiani ilianza kufifia rangi na kunuka kidogo, nikailoweka kwenye jiki usiku kucha. Asubuhi nyeupe pe! Kuikamua, upande mmoja ukameguka kama andazi lililolowa chai. Jiki inakula protini. Nani angelowekea nywele zake humo? Maji ya kuchemka nayo yanaisinyaza na kuikakamaza. Siku hizi naisuuza, naikamua bila kuisokota, naitundika dirishani ipate upepo.

Theluthi mbili zilizobaki bado zinaogesha vizuri. Kwa ngozi ya mtoto mchanga ningeinunua tena kesho. Kwa visigino vyangu nimerudi kwenye dodoki.