Nimepanda mlima wa taka Copenhagen, nyota 4 kati ya 5

Kwanza mjue mi nimekulia Gongo la Mboto, kwa hiyo taka nazijua kwa pua. Magari ya kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi yalikuwa yanatupita kila siku, na ole wako daladala yenu ikwame kwenye foleni nyuma ya mojawapo, ukifunga dirisha unakufa na joto, ukifungua unakufa na harufu, chagua mwenyewe.

Sasa 2023 nimeenda kumtembelea dada yangu Malmö, Sweden, mpwa wangu akaniambia Anko kesho tunavuka daraja tunaenda Copenhagen kupanda mlima. Nikamwambia we mtoto, mlima gani Denmark, nchi imelala kama chapati, sehemu yao ya asili iliyo juu kuliko zote haifiki hata mita 171! Akacheka tu. Kumbe mlima wenyewe ni kiwanda cha kuchoma taka, wanakiita Amager Bakke, watalii wanakijua kama CopenHill, wamekichora wasanifu majengo wa BIG, kampuni ya Mdenmaki mmoja anaitwa Bjarke Ingels. Mitambo ilianza kazi 2017, watu wakaruhusiwa kupanda juu 2019. Paa ndio limegeuzwa mlima, limeanzia mita 85 juu linashuka hadi karibu na chini, na hapo juu wazungu wanateleza na ski bila theluji, wametandika mikeka ya plastiki ya kijani yenye vijiti kama brashi ya kufulia. Mi sikujaribu, nina familia. Mpwa alijaribu, akaanguka mara nne, kosa lake maana anajifanya anajua.

Nilivyofika nilisimama nikanusa, hamna kitu. Nikazunguka upande wa nyuma nikanusa tena, harufu ya bahari. Ikabidi niulizie maana nilihisi nadanganywa. Siri yake ni ndogo kweli: gari la taka linaingia ndani ya jengo, linamwaga kwenye shimo kubwa, halafu hewa ya kuchochea moto inavutwa kutoka humohumo shimoni, kwa hiyo ile harufu badala ya kuja puani kwako inaenda tanuruni inaungua na yenyewe. Yaani ni kitu ambacho hata mama lishe anakielewa, jiko lazima livute hewa, wao wameamua tu livutie wapi.

Matanuru yapo mawili, kila moja lina uwezo wa kumeza tani 35 kwa saa, jumla 70. Piga hesabu gari la tani 7, ni magari kumi kila saa, usiku na mchana. Kreni inachota kutoka shimoni kama mkono wa jini, inachanganya kavu na mbichi, inamwaga kwenye moto wa kama nyuzi 1,000, maji kwenye mabomba yanageuka mvuke, mvuke unazungusha tabaini, yaani kama feni kubwa inayoendesha jenereta, umeme huo hapo. Ila kilichonifurahisha zaidi sio umeme, ni joto linalobaki. Sehemu nyingine lingepotea hivihivi, wao wanalipitisha kwenye mabomba ya maji ya moto yaliyozikwa chini ya mji mpaka sebuleni kwa watu, karibu nyumba zote za Copenhagen zinapashwa moto kwa mtandao huo. Baridi ya kule ukiionja utaelewa kwa nini taka zina heshima.

Tulishuka kwa lifti, na hii usiikose, ina vioo unaona mitambo ndani, mabomba yameng'aa kama jikoni kwa bi harusi. Kupanda kwa miguu ni bure kabisa, kuna njia imepita katikati ya miti na majani, unakuta mama na kigari cha mtoto, wazee, watu wanakimbia, na pembeni ya yote hayo bomba la moshi limesimama linatoa kitu cheupe, sehemu kubwa ni mvuke maana moshi umeshasafishwa. Juu unaliona daraja la Øresund tulilokuja nalo na mitambo ya upepo imepangwa mstari baharini. Ukutani kuna watu wananing'inia na kamba wanakwea mita 85, sijui wanakosa nini maishani.

Nyota moja nimenyima kwa sababu zangu. Manispaa tano ndio wenye kiwanda, kimekula kama bilioni 4 za kroner, na jiko ukishalijenga kubwa hivyo lazima ulilishe. Wadenmaki wenyewe wanazidi kutenganisha taka zao, za kuchoma zinapungua, matokeo yake wanaagiza taka kutoka nje, Uingereza na kwingineko. Halafu wanakiita safi, sawa, kwa sumu za moshi wamejitahidi sana, ila plastiki ni mafuta ya petroli ile ile, ukiichoma kaboni, ile gesi inayoipasha dunia joto, inapanda juu. Mji ulijipa lengo la kutoongeza kaboni ifikapo 2025, ukaliacha 2022 kwa sababu mradi wa kunasa kaboni ya kiwanda hikihiki ulikosa hela ya serikali. Halafu walitangaza mbwembwe, eti bomba la moshi litakuwa linapuliza pete za mvuke ili watu wahesabu kaboni inayotoka, nilikaa nikaingoja kama mjinga, kumbe mtambo wake haujawahi kuwekwa. Majivu nayo hayaishi, ya chini wanatoa vyuma wanayajengea barabara, ila yale laini ya kwenye filta yana sumu, yanahesabiwa taka hatari.

Najua kuna mtu atasema tujenge na sisi Dar. Taratibu bwana. Taka zetu ni maganda ya ndizi, matikiti, mabaki ya ugali, zimelowa, ukizitia tanuruni moto unatumia nguvu zake kukausha maji kabla haujafikiria umeme, na chupa za plastiki zinazowaka vizuri wale jamaa wa kuokota wameshazipitia mapema. Addis Ababa wanacho chao, Reppie, kilizinduliwa 2018 pembeni ya dampo la Koshe, mwaka mmoja baada ya lundo kuporomoka na kuua watu zaidi ya mia, kwa hiyo anayetaka kujifunza aende kwanza huko kwenye taka zinazofanana na zetu, Copenhagen aje kutembea.

Ukienda, vaa koti hata kama jua linawaka, upepo wa juu unatoka moja kwa moja baharini. Na beba maji na maandazi yako, bei za vinywaji Denmark nilivyozigeuza kuwa shilingi kichwani, mpwa alikunywa peke yake.