Skana ya shilingi 45,000, Raum yangu, na watu wa spana na wa ufunguo

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 45,000 za Uganda. Muuzaji alianzia 70,000, nikatoka dukani nimenuna kwa kujifanya, akaniita kabla sijavuka mtaro. Ni kidude cha plastiki cha buluu kinachoenea kiganjani, kimeandikwa ELM327. Unakichomeka kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, unakiunganisha na simu kwa Bluetooth, na programu ya simu inakusomea yaliyomo kwenye kompyuta ya gari: kwa nini taa ya cheki injini imewaka, injini ina joto la nyuzi ngapi, inazunguka mara ngapi kwa dakika. Nimekaa nacho miezi minane.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kampala, mzaliwa wa Arua, mtoto wa dereva wa lori. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya barabarani kabla hakijawa somo. Baba alikuwa akisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua, na lori likiharibika usiku kaka yangu aliitwa kushika tochi. Mimi niliitwa kuleta chai. Basi kaka leo anajua magari, nami najua chai.

Kaka ana Subaru Forester, na yupo upande ambao mimi nauita watu wa spana. Uani kwake Bweyogerere hakuna Jumamosi isiyonuka petroli. Mkanda wa taimingi aliubadilisha mwenyewe, kazi iliyochukua Jumamosi tatu, na wiki zote hizo shemeji alikwenda kazini kwa bodaboda huku gari likikaa juu ya stendi bila feni za rejeta. Injini ile ya Subaru imelala ubavu, plagi zake zinatazama fremu ya gari kulia na kushoto, na kuzitoa ni kama kufungua chupa ya pilipili mkono ukiwa ndani ya begi. Ukimwambia hivyo anacheka. Anapenda hasa pale mkono usipofika.

Upande wa pili ni mwalimu mwenzangu wa hesabu, mkuu wa watu wa ufunguo. Huyu gari likilia anampigia fundi wake, anamkabidhi ufunguo getini, anarudi darasani. Nilipomwuliza kwa nini hajifunzi hata kubadilisha oili, alinifanyia hesabu ubaoni, kweli ubaoni: analipwa kiasi gani kwa saa ya masomo ya ziada, kaka yangu anapoteza saa ngapi kwa kazi ambayo fundi anaimaliza asubuhi moja. Sikupata la kujibu. Nilichogundua ni kwamba kwenye hesabu yake hakuweka bei ya kudanganywa.

Mimi nilikuwa mtu wa ufunguo hadi Februari.

Gari langu ni Toyota Raum ya 2005, injini ya 1NZ-FE, cc 1,497, ile ambayo mlango wa kushoto ukifunguka hauachi nguzo katikati, ndiyo maana hupakia madaftari ya kidato kizima bila taabu. Asubuhi moja kwenye foleni ya Kibuye likaanza kutetemeka. Linamisi, kama wanavyosema mafundi. Taa ya cheki injini ikawaka. Nikalipeleka gereji moja, sitaitaja. Wakalipima kwa kompyuta kwa shilingi 50,000, bila kunionyesha kioo cha hiyo kompyuta, kisha fundi akaja akijipangusa mikono: "Madamu, hii ni koili. Zote nne. Na plagi, na injekta tuzisafishe." Koili ndizo zinazozipa plagi umeme wa kuchoma petroli, injekta ndizo zinazoinyunyiza petroli hiyo. Jumla 480,000. Nikasema nitafikiria. Nikatoka na gari likitetemeka, na hasira ambayo sikuwa na wa kumwonyesha, kwa sababu huenda alikuwa anasema kweli. Hapo ndipo penye uchungu. Sikuwa na njia ya kujua.

Kesho yake nikanunua skana.

Sasa sikilizeni kasoro ya kwanza, maana ilinitoa jasho. Haikukubali. Bluetooth iliungana, programu ikasema haiwezi kuongea na gari. Nilidhani nimeuziwa plastiki tupu. Kaka ndiye aliyenieleza: mfumo huu wa gari kusomwa kwa skana, OBD-II, Marekani iliufanya lazima kwa magari ya kuanzia 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, lakini gari langu lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Tundu ni lile lile, lugha inaweza kuwa nyingine. Ikabidi niingie kwenye mipangilio ya programu nichague Toyota ya soko la Japani. Mara tatu haikukubali, ya nne ikakubali. Na jueni kwamba tunachonunua madukani ni nakala ya nakala. Chipu yenyewe ya ELM327 ilibuniwa na kampuni ya Kanada, na vile vinavyoandikwa toleo la 1.5 vinajitangaza wenyewe kuwa si halisi, kwa kuwa kampuni hiyo haikuwahi kutoa toleo lenye namba hiyo. Changu kimeandikwa 2.1, nacho nakala vile vile, lakini kinafanya kazi. Mwenye iPhone asinunue hiki cha Bluetooth ya kawaida, hakitaonekana kwenye simu yake. Atafute cha Wi-Fi.

Kilipokubali kiliniandikia P0302.

Herufi P ni mambo ya injini na gia. Kwenye ujumbe wa aina hii, tarakimu ya mwisho ni silinda. Silinda ya pili haichomi sawasawa. Ya pili tu! Wala hakikusema koili. Kinakwambia wapi panauma, hakikwambii kwa nini: yaweza kuwa koili, yaweza kuwa plagi, yaweza kuwa injekta, hata mgandamizo wa silinda yenyewe. Nilimpigia kaka nikiwa nimekaa ndani ya gari, boneti wazi, akanielekeza kwa simu jambo ambalo mpaka leo nalisimulia walimu chumbani mpaka wamechoka.

Alisema, "Dada, una spana ya 10?"

Sikuwa nayo. Nikaazima kwa mlinzi wa shule, ambaye kumbe anatengeneza pikipiki. Nikatoa kifuniko cha plastiki. Chini yake koili nne zimesimama mstari mmoja, kila moja juu ya plagi yake, kila moja na boliti moja ya 10 na soketi moja ya waya yenye kibanio cha kubonyeza. Kibanio kimekauka kwa joto la miaka, ukikibonyeza kwa pupa kinakatika, kwa hiyo nilibonyeza kama ninavyotoa mwiba mguuni kwa mtoto. Silinda zinahesabiwa kuanzia upande wa mnyororo wa taimingi. Nikaichomoa koili ya pili nikaiweka ya nne, ya nne nikaiweka ya pili. Nikaufuta ule ujumbe kwa simu, nikawasha, nikazunguka uwanja wa mpira mara kadhaa huku wanafunzi wa bweni wakishangilia.

P0304.

Ugonjwa umehama na koili. Kama ingekuwa plagi au injekta, ungebaki silinda ya pili. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari. Sijui kama baba aliwahi kuhisi hivyo chini ya lori lake, lakini kwa dakika ile nilielewa kwa nini kaka hapendi kumpa mtu ufunguo.

Nilikwenda Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, nikiwa na koili mbovu kwenye mfuko wa karatasi. Kule usiende na maelezo, nenda na sampuli. Ukisema "ya Raum" kila mtu anayo. Ukitoa kitu chenyewe nusu yao wananyamaza. Wanakuita nnyabo, yaani madamu kwa Kiganda, kutoka kila kibanda, vipuri vimening'inia hadi darini, na mtu anaweza kukuambia kwa kugusa tu kama kipuri kilishuka na injini kutoka Japani au kilitoka kiwandani jana na kitakufa keshokutwa. Nilikuwa nimeandika namba kwenye kiganja, 90919-02240. Kijana wa tatu alipoiona alinitazama upya, akauliza, "Nnyabo, wewe ni fundi?" Nikasema ni mwalimu. Akashusha bei kutoka 90,000 hadi 60,000, na sijui ni kwa ajili ya namba au ya ualimu. Koili iliyotumika, ya Denso, bado imo ndani ya gari na haijasumbua.

Yaani 105,000 pamoja na skana, dhidi ya 480,000. Mwalimu wa hesabu alipoona hizo namba alikuna kidevu, kisha akauliza nilitumia saa ngapi. Sita, pamoja na kwenda Kisekka. Akarudi ubaoni. Huyo mtu hashindiki.

Ila Aprili alikuja mwenyewe kuniomba nimsindikize kwenye bondi, yadi ya magari yaliyoingizwa kutoka nje, anatafuta gari jingine. Tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe, bei za magari kwenye bondi zinampa kizunguzungu hata yeye wa hesabu, hivyo hakutaka kukosea. Gari alilolipenda lilikuwa safi, taa ya cheki injini inawaka ukifungua ufunguo na kuzimika likishawaka, kama inavyotakiwa. Nikachomeka. Hakuna ujumbe wowote. Lakini kuna ukurasa mwingine ambao wengi hawaufungui, unaoonyesha vile vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe gari likitembea siku kadhaa. Vyote vilikuwa havijakamilika. Maana yake kumbukumbu imefutwa karibuni, au betri ilitolewa. Betri hutolewa bondi kwa sababu halali, sikumficha hilo. Tukaomba kulizungusha, tukaenda nalo hadi Mukono na kurudi. Pale Seeta, wakati wa kurudi, taa ikawaka njano. Mwenzangu hakusema neno. Alimrudishia mwenye bondi ufunguo wake.

Wapi skana hii haisaidii? Pengi. Bushi zikiisha, bol joint ikilegea, shokabsoba ikivuja, hakisemi kitu, na barabara zetu zinaua hivyo kuliko zinavyoua koili. Changu hakisomi breki za ABS wala mifuko ya hewa. Mlio wa "ko-ko-ko" gurudumu la mbele la kushoto ulinipeleka kwa fundi kama zamani, kwa ufunguo, na nikalipa bila kuuliza sana, kwa sababu kulala chini ya gari mimi sitaki. Kaka anasema nitazoea. Sitazoea. Kitu kingine: kufuta ujumbe kwa simu ni rahisi mno, kidole kimoja, na nimeshaona watu wakiufuta wakaona wamepona. Taa ikiwaka na kutulia, una muda wa kutafuta fundi. Ikianza kupepesa, simama. Petroli isiyochomwa kwenye silinda inakwenda kuungulia kwenye lile sega la kusafisha moshi lililo ndani ya ekzosi na kuliyeyusha, na bei ya sega ukiiuliza utakaa chini.

Fundi wangu nimebadilisha. Huyu wa sasa, mara ya kwanza nilipomwonyesha simu, uso ulimkunjamana kama mtu anayekaguliwa. Nikamwambia sikuja kumsahihisha. Sasa namtumia picha ya kioo cha simu usiku, asubuhi nikifika ameshaweka spana anazozihitaji juu ya boksi, na tunaongea kama watu wawili wanaotazama kitu kimoja. Kwa hilo tu ningelipa hata ile 70,000.

Safari ya Arua ya likizo niliifanya skana ikiwa imechomekwa, simu kwenye kioo, nyuzi 88, 90, 91 njia nzima, Luweero, Migyera, Kafu. Karuma nilisimama kidogo na nyani mmoja akakaa juu ya boneti akitazama zile namba kwa makini kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Ukweli ni kwamba namba hizo zinatia wasiwasi pia. Ilipofika 94 karibu na Pakwach nilizima kiyoyozi na kuanza kuomba, na kaka akanicheka kwa simu: 94 si kitu.

Lakini nilipofika nyumbani sikukichomoa. Kinakunywa umeme kidogo kidogo hata gari likizimwa. Siku tisa tulikaa kwa mama bila kuendesha, na betri yenyewe ilikuwa ya zamani. Siku ya kuondoka, kimya. Vijana wa bodaboda wa pale kona walikuja sita wakasukuma hadi jasho likawatoka, na mzee mmoja aliyekuwa akiwatazama muda wote ndiye aliyesema hatimaye kwamba gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa hata mkilifikisha Nebbi. Tukaazima betri ya jirani na waya.

Mama alisimama barazani na kikombe. Akauliza tatizo ni nini, nikamwonyesha kidude. Akakigeuza mkononi, akaingia ndani, akarudi na kipande cha boksi la sabuni na kalamu ya mjukuu, akaandika kwa herufi kubwa CHOMOA, akanipa nibandike kwenye usukani. Bado kipo.