Cherehani ya zamani ya kiwandani: mota ya klachi au ya servo?

Cherehani ikiruka ghafla ukigusa kanyagio tu, anza na mota kabla ya kulaumu sindano au mvutano wa uzi.

Mota ya klachi huzunguka na kuvuma muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata unapopanga kitambaa. Kasi hutawaliwa na msuguano wa bitana ya klachi (pedi iliyo ndani ya mota, si bitana ya nguo). Bitana ikilowa oili au ikichakaa, cherehani hushtuka, au huendelea kuburuta hata ukiachia kanyagio. Uzuri wake ni nguvu: gurudumu zito la ndani ya mota lililokwisha kushika kasi hupitisha sindano kwenye ngozi nene bila kusita.

Mota ya servo, inayodhibitiwa kielektroniki, huzunguka ukikanyaga tu, ni nyepesi na kimya, na kasi ya juu unaiwekea kikomo. Kwa kola na zipu, haina mpinzani. Ila servo ndogo ikienda polepole hukwama kwenye mshono mnene. Weka puli (gurudumu linalovuta mkanda) ndogo zaidi kwenye mota: kipenyo kikitoka milimita 90 hadi 45, kasi hushuka nusu na nguvu ya kuzungusha huongezeka takriban maradufu. Weka mkanda mfupi zaidi. Ukiubonyeza katikati uzame kama sentimita 1. Hakikisha pia mota inazungusha gurudumu la mkono upande sahihi.

Angalizo kubwa: pampu ya oili ya cherehani za kasi hutegemea mwendo. Ukishona polepole kutwa, oili haifiki juu. Tazama kidirisha cha oili. Kama oili hairuki humo, ongeza kasi kwa muda.

Kwa ngozi nene kila siku, mota ya klachi ambayo bado ni nzima usiitoe.