Kitabu cha karatasi moja au cha kushona: kipi kiende darasani?

Mwandishi wa vitabu vya picha anayekwenda shuleni kuwafundisha watoto kutengeneza vitabu hukutana na swali hili kila mara.

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa 8 ndogo bila uzi wala gundi, na kipindi cha dakika 40 kinatosha. Michoro yote iko upande mmoja, hivyo kutoa fotokopi ni rahisi mno. Tatizo ni mkato: karatasi ikishapata mikunjo ya sehemu 8, ikunje nusu ili kingo fupi zikutane, kata mstari wa kati kuanzia kwenye mkunjo, uishie katikati. Mtoto akipitiliza, karatasi inagawanyika vipande viwili. Kurasa pia zipewe namba kabla ya kuchora, la sivyo nusu ya picha zitakuwa kichwa chini.

A4 nne zilizokunjwa nusu na kushonwa hutoa kurasa 16 za A5, nafasi nzuri kwa hadithi ndefu. Mtu mzima atoboe matundu 3 kwenye mkunjo kwa msharasi. Uzi wa sentimita 50 unatosha: anzia ndani, toka tundu la kati, ingia la juu, ruka la kati, toka la chini, rudi ndani kwa la kati, kisha funga fundo juu ya uzi mrefu. Uvutwe kufuata mgongo wa kitabu. Ukivutwa kwa nje, karatasi huraruka. Ukikatika, hushonwa upya.

Wanafunzi 60 kwa kipindi kimoja? Kunjeni. Kikundi cha 15 kwa siku mbili, na walimu wa kusaidia? Shoneni.