Hawk the Slayer (1980): mapanga, uchawi na bajeti ndogo

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tuna filamu ya Uingereza, Hawk the Slayer, ya mwongozaji Terry Marcel. Ilitoka mwaka 1980, miaka 2 kabla ya Arnold Schwarzenegger kucheza Conan, shujaa mwingine wa mapanga.

Kisa chenyewe ni chepesi. Voltan anamuua baba yake, na mdogo wake Hawk anabaki na upanga unaoruka wenyewe hadi mkononi mwake. Baadaye Voltan anamteka mkuu wa watawa na kudai dhahabu, ndipo stelingi wetu anakusanya wenzake: jitu, mbilikimo, mchawi, mtu mwenye mkono mmoja, na Crow, mpiga mishale mwenye masikio yaliyochongoka.

Voltan ni Jack Palance, aliyezaliwa mwaka 1919. Baba yake anachezwa na Ferdy Mayne, wa mwaka 1916. Hebu fikirieni, wamepishana miaka 3 tu! Lakini Palance akianza kunguruma, nusu ya uso imefichwa na kofia ya chuma kwa sababu ya majeraha ya moto, hesabu za umri unazisahau. Anacheza kwa nguvu zake zote, hachezi kivivu hata mara moja, na hapo ndipo mapenzi yangu kwa filamu hii yalipoanzia.

Sasa mtazameni Crow. Kompyuta za kutengeneza picha zilikuwa bado changa, na hela ilikuwa kidogo. Basi wakachukua kipande kimoja kifupi, mkono ukiachia mshale, wakakirudia haraka haraka, tena na tena, mpaka mtu mmoja anapiga kama kikosi kizima. Ujanja unauona kabisa, na damu inachemka vilevile! Uchawi nao ni pete za mwanga na vijipira vinavyong'aa. Kila kitu kina alama za mikono ya watu waliokitengeneza, na mashabiki wanaoirudia filamu hii hadi leo wanakipenda hicho hasa.

Muziki ni wa Harry Robertson, ambaye pia ni mtayarishaji na mwandishi mwenza. Kaweka mdundo wa disko kwenye vita vya mapanga. Ongezeni sauti.

John Terry, yaani Hawk, amepoa mno kwangu, na msitu ni uleule kila safari. Nampa Palance nyota 5, filamu nzima nyota 4. Mwisho wake umeachwa wazi kwa ajili ya sehemu ya pili, na mimi bado naitaka.