Vipande 39 au spana moja ya maana? Zana za mkono kwa anayeanza maisha Nairobi

Hamjambo nyote, karibuni tena mezani. Leo meza imejaa mpaka jirani wa chini ameniuliza kama nafungua gereji ghorofa ya tatu. Hapana, mama, ni kazi ya video tu. Mdogo wangu ndiye anashika kamera, ikitetemeka mlaumuni yeye. Hapa nina masanduku mawili na mfuko mmoja wa turubai, vyote nimenunua kwa pesa zangu, hakuna duka lililonitumia kitu.

Mmekuwa mkiniuliza maswali mawili. La kwanza ni la wale waliohamia bedsita yao ya kwanza: ninunue seti gani isiyoniachia deni? La pili ni la wanaokwenda ushago kila mwisho wa mwezi: kwenye buti niweke nini? Haya, twende.

Naanza na hili sanduku la rangi ya machungwa. Limeandikwa vipande 39, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Bei ya kwanza niliambiwa 2,200, tukavutana, nikaondoka, nikaitwa, likatoka kwa 1,600. Muuzaji akaniambia, "Bosi wangu, hapo umebeba fundi mzima ndani ya sanduku."

Basi tumhesabu huyo fundi. Namwaga. Nyundo, moja. Plaisi, mbili. Futi ya kupimia, tatu. Kisu cha kukatia karatasi, nne. Mkasi, tano. Bisibisi za kawaida mbili, saba. Bisibisi ndogondogo za saa na miwani ni nne, tumefika 11. Mpini wa kuchomekea vichwa, 12. Pima maji ya kuchezea, 13. Funguo za L ziko nane, 21. Na hivi vichwa vya bisibisi, vidogo kama punje za mahindi, viko 18. Jumla 39. Hajadanganya hesabu. Lakini karibu nusu ya fundi wangu ni punje, na spana hakuna hata moja. Narudia: hata moja!

Hilo nililijua nikiwa barabarani, si dukani. Nilikuwa narudi kutoka Naivasha, nimefika Kinungi, giza linaingia, nikapita tuta kwa haraka ambayo sijui ilikuwa ya nini. Gari likazima, taa za dashibodi nazo zikazima. Nafungua boneti, nakuta kichwa cha waya wa betri kimelegea, kinacheza. Gari za Kijapani nyingi hapo hutaka spana namba 10, yaani ya milimita 10, na nusu dakika ya kazi. Nikafungua sanduku langu la vipande 39 kwa fahari kabisa. Nikatafuta, nikatafuta. Mwisho nikashika nati kwa plaisi, ikateleza, nikaongeza nguvu, nati ikaanza kuliwa kona. Aliyeniokoa ni dereva wa lori la kabeji. Alisimama, akaniangalia, akaangalia sanduku, akacheka mpaka akashika bampa. Kisha akatoa namba 10 mfukoni. Mfukoni, jamani! Wala si kwenye sanduku.

Lakini tusimhukumu huyu fundi kwa spana peke yake, tuangalie alichonacho. Sogeza kamera, mdogo wangu. Karibu zaidi. Mnaona ncha ya hii bisibisi ya msalaba? Imejipinda kama mdomo wa kasuku. Sikuitumia vibaya, nilikuwa nafunga bawaba za kabati la jikoni, na skrubu ya nne ndiyo iliyoimaliza. Na hapa kwenye chuma imeandikwa Cr-V, yaani chuma kilichochanganywa na kromi na vanadi ili kiwe kigumu bila kuvunjika ovyo. Chuma hicho kikiwa cha kweli ni kizuri. Ila maandishi ni maandishi, hata mimi nikipewa mashine naweza kuandika Cr-V kwenye kijiko.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulaumu bisibisi bure. Msalaba si mmoja. Kuna PH, ya Phillips, yule Mmarekani aliyeipatia hati miliki miaka ya 1930, na kuna PZ, ya Pozidriv. Tazama hizi skrubu mbili. Hii ya PZ ina vistari vyembamba kati ya mikono ya msalaba, kama nyota iliyofichwa nyuma ya nyingine. Samani za kuunganisha mwenyewe mara nyingi huja na hizo. Ukiingiza PH kwenye PZ inakaa, lakini inacheza, na ukikaza inaruka na kula skrubu. Kwa hivyo ukienda dukani, beba skrubu mfukoni. Ichomeke kwenye ncha, shika bisibisi ikiwa imelala hivi, achia mkono. Skrubu ikibaki imening'inia, ncha imechongwa sawasawa. Ikianguka, rudisha kwenye rafu na umwambie mwenye duka asante. Hicho kipimo hakihitaji hata shilingi, na hakuna muuzaji atakayekukataza.

Nyundo yake ni ya wakia 8, kama gramu 225. Inatosha kugongea fremu ya picha kwenye ubao. Sasa niambie, ni nyumba gani ya kukodi Nairobi yenye ukuta wa ubao? Ukuta wetu ni jiwe la Ndarugu lililopigwa plasta. Plasta inaingilika, ukifika kwenye jiwe msumari unapinda na kidole kinafuata. Kwa kuta hizi taka wakia 16, karibu gramu 450, na misumari ya chuma kigumu, ile ya konkriti. Gonga taratibu na uvae miwani, kwa sababu misumari hiyo haipindi kwa heshima, huvunjika na kuruka.

Futi yake nimeipenda, sina ugomvi nayo. Na kuna mtu alinilalamikia kwamba futi yake mpya imeharibika, eti kile kindoano cha mwisho kinacheza. Ndugu yangu, usikigonge kwa nyundo! Kimelegezwa makusudi. Ukikivuta kwenye ukingo wa meza kinatoka kidogo, ukikisukuma ndani ya dirisha kinarudi kidogo, na kinachosogea ni unene wake wenyewe. Ndiyo maana kipimo cha nje na cha ndani vinatoka sawa. Ukitaka kujua kama futi inasema kweli, pima karatasi ya A4: urefu wake ni milimita 297, upana 210. Mimi huikunja moja kwenye pochi nikienda sokoni.

Plaisi ya sanduku hili niishike mbele ya taa. Mnaona mwanga unapita katikati ya meno? Upande huu inafunga, upande ule imeachia. Waya mwembamba hauikati, inautafuna. Na hapo hapo niseme la umeme, kwa sababu mpira mwekundu huu unawadanganya watu. Mpira wa mpini si kinga. Zana ya mkono ya kazi za umeme iliyopimwa huwa na alama ya pembetatu mbili zilizopishana pamoja na maandishi 1000 V, na kiwango chake cha kimataifa ni IEC 60900. Ya shilingi 200 yenye namba tupu bila alama hiyo, mimi siigusishi waya wenye moto. Ukibadilisha plagi ya pini tatu, ichomoe kwanza: kahawia ni moto, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni athi. Kazi iliyoko ndani ya ukuta muachie fundi mwenye leseni ya EPRA, wale wasimamizi wa nishati nchini. Umeme wetu ni volti 240, hauulizi kama unaanza.

Haya, weka kando. Sanduku la pili.

Hili nililinunua wiki ile ile ya aibu ya Kinungi. Lina vipande 46, na mmeliona kila mahali, kuanzia maduka ya vipuri hadi kwa vijana wanaopita katikati ya foleni. Nililipa 1,400. Ni seti ya soketi za robo inchi, yaani kile kichwa cha mraba cha kuchomekea kina upana wa robo inchi. Soketi zinaanza milimita 4 hadi 14, kuna racheti, yaani mpini unaokaza bila kuitoa soketi kwenye nati, vipande vya kurefusha, funguo za L, na punje zetu tena. Hapa 10 ipo, 12 ipo, 14 ipo, na kwenye Toyota za mtaani hizo ndizo zinazofungua mengi. Angalia soketi kwa ndani: hii ina kona sita, inakumbatia nati vizuri. Zile za kona 12 huingia haraka lakini kwenye nati iliyochoka hula kona.

Sikilizeni racheti. Ti-ti-ti-ti-ti. Meno yamekaribiana, kwa hivyo inafanya kazi hata mahali mkono hauna pa kuzungukia. Dukani izungushe kwa kidole, kisha igeuze upande wa pili, uifanyie hivyo mara kumi. Ikiruka hata mara moja, omba nyingine.

Kasoro zake ninazo. Klipu ya plastiki ilivunjika mwezi wa pili tangu nilinunue, sasa nafunga kwa mpira wa tyubu. Na haina 17, 19 wala 21. Nati za gurudumu za Toyota nyingi ni 21, Honda nyingi ni 19. Usijaribu kupanda juu ya racheti hii kidogo ufungue gurudumu, utavunja meno yake, na pengine yako. Hakikisha spana ya magurudumu iko kwenye buti pamoja na jeki na zile pembetatu mbili za kuakisi. Gari la mitumba hufika likiwa na redio nzuri na bila jeki, mnajua wenyewe.

Sasa mfuko wa turubai. Huu ndio ninaoupenda, nisiwafiche. Hapa hakuna seti. Nilitembea Kirinyaga Road Jumamosi asubuhi, duka hadi duka, nikanunua kimoja kimoja. Nyundo ya wakia 16, shilingi 550. Bisibisi mbili, bapa na msalaba wa namba 2 (huo ni ukubwa wa ncha), 180 kila moja. Plaisi ya inchi 8, 480. Futi ya mita 5, 250. Spana ya kurekebisha ya inchi 8, shilingi 600. Mafundi wana jina lao la utani kwa spana hii, kwa sababu haichagui nati, lakini mama yangu hutazama hizi video, kwa hivyo tupite. Mfuko nimeshonewa na fundi viatu kwa 150. Jumla 2,390. Ndiyo, nimepita sanduku la kwanza kwa shilingi 790, na nina vipande sita tu.

Lakini njoo uone hii spana. Nashika taya linalosogea, nalitikisa. Kimya. Ile ya duka la kwanza nililoingia ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Na ukiitumia, ikaze mpaka ibane nati kabisa, kisha uvute kuelekea upande wa taya linalosogea, ili taya lisilosogea ndilo libebe nguvu. Watu wengi huvuta kinyume, halafu wanasema spana ni mbovu. Hii imefungua nati ya bomba la sinki, imekaza miguu ya kitanda, na juzi imenyoosha kiti cha baiskeli ya mtoto wa jirani.

Mtu ataniuliza kuhusu zana za mitumba, zile kuukuu zinazotoka Uingereza. Chuma chake mara nyingi ni kizuri ajabu. Tahadhari ni moja, nyingi zimepimwa kwa inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwenye nati ya 12 italegea na kuila. Robo tatu ya inchi ni 19.05, hiyo kwenye 19 inakaa bila tatizo. Beba futi, au beba nati.

Kwa msafiri asiye na gari, mfuko huu unaingia kwenye begi. Kama unapanda ndege, zote ziende kwenye mzigo wa chini, usijaribu kupita na bisibisi mkononi. Treni ya Mombasa nayo, pale stesheni ya Syokimau mizigo inakaguliwa kwa mashine, kwa hivyo kile kisu cha kukatia karatasi kiache nyumbani.

Mimi ningefanyaje na pesa kidogo? Bedsita, ningenunua mfuko, hata kama ni kimoja kila mwezi, nikianza na msalaba wa namba 2 na spana. Mwenye gari, sanduku la 46 pamoja na spana ya magurudumu. Hili la machungwa... ngoja. Kuna hodi. Ni jirani wa chini. Anataka nyundo.

Mdogo wangu, mpe ile ya wakia 8. Hiyo ya mfuko usiitoe.