Nilivyompeleka Shangazi Kuona Ngaahika Ndeenda

Mei 2022 niliwaambia watu: kama una mzazi, shangazi au jirani aliyekulia Limuru, mnunulie tiketi ya Ngaahika Ndeenda ("Nitaolewa Nikipenda") kabla mwezi haujaisha, na iwe ya usiku wa Kikuyu. Nairobi Performing Arts Studio walikuwa wakiuigiza mchezo huu Kenya National Theatre, Nairobi, siku nyingine kwa Kiingereza, siku nyingine kwa Kikuyu, kwa hiyo ilibidi usome tarehe vizuri kabla ya kulipa. Kikuyu changu ni cha mjini, nakielewa kuliko ninavyokizungumza, na rafiki zangu walinishauri nichague Kiingereza. Nilikataa kwa ajili ya Tata.

Tata ni dada yake baba. Mwaka 1977 alikuwa bado shule ya msingi, na kwao hakukuwa mbali na Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru. Babu alifanya kazi kiwanda cha viatu, na wiki za zamu ya usiku watoto walitolewa nje mchana kutwa ili mzee apate usingizi. Wakawa wanaenda kushinda pale uwanjani ambapo wanakijiji walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo huu wa waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalikuwa ya hadharani, anayepita anasimama, anatazama, anasahihisha. Watoto wakazishika nyimbo zote. Maonyesho yalipoanza Oktoba, Tata aliahidiwa kwamba akifanya vizuri shuleni atapelekwa Krismasi. Katikati ya Novemba serikali ikafuta leseni ya maonyesho, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Kwa hiyo Tata alisubiri miaka 45. Na kuna jambo jingine linaloufanya ukumbi huu uwe na uzito kwake. Februari 1982 watu wa Kamĩrĩĩthũ walikuja kuigiza mchezo mwingine hapa hapa National Theatre, wakakuta milango imefungwa na polisi wanazunguka. Mwezi uliofuata ukumbi wao wa kijijini, waliojijengea kwa mikono yao, ukabomolewa. Tata alijua hayo yote tangu ujana wake lakini hakuwahi kufika mahali penyewe. Tuliposhuka kwenye teksi pale Harry Thuku Road, alitazama watu wanavyoingia, akaniambia, "Kumbe ni hapa. Leo wamefungua."

Ndani tulihudumiwa kwa heshima. Kijana wa mlangoni alimshika mkono kwenye ngazi bila kuombwa, akampeleka hadi kiti chake. Tulikaa safu za katikati na ningewashauri wazee wote wakae hapo, maana Tata, ambaye sikio lake moja limechoka, hakuniuliza "amesema nini?" hata mara moja. Ukumbi ulikarabatiwa, ukafunguliwa upya mwaka 2015.

Sasa mchezo. Kĩgũũnda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu, na hatimiliki yake ameitundika ukutani. Tajiri Kĩoi anamshinikiza yeye na mkewe Wangeci wafunge ndoa ya kanisani. Harusi inataka pesa, pesa inataka mkopo, na mkopo unataka shamba. Hadithi hii kila familia ya Kiambu ina toleo lake, ndiyo maana watu hawakutulia vitini. Suala la mkopo lilipoingia, mama mmoja nyuma yetu alipaza sauti kumwonya Kĩgũũnda asithubutu kuweka shamba rehani. Hakuna aliyemnyamazisha. Mwongozaji Stuart Nash amefanya jambo la busara kuziachia nyimbo nafasi yake, bila kuzikatakata.

Hotuba za Gĩcaamba, jirani yake Kĩgũũnda anayefanya kazi kiwandani, ni ndefu, na mtu asiyezoea tamthilia za aina hii atazihisi. Mimi mwenyewe nilizihisi, hadi alipoanza kueleza maisha ya zamu za kiwandani. Tata alinishika kifundo cha mkono na hakukiachia mpaka sehemu ile ikaisha. Kuanzia hapo sikuona tena urefu.

Lakini kilele kilikuwa gĩtiiro, zile nyimbo za harusi ambazo wanawake wanaimba kwa kujibizana. Waliokuwa jukwaani walianza, na safu yetu ikajibu. Tata alikuwa anazijua, hakuna ubeti uliompita, na mwanamke asiyemfahamu upande wa pili akaungana naye. Nimeenda michezo mingi Nairobi, ya pesa nyingi na ya pesa kidogo, na sijaona watazamaji wakiingia ndani ya mchezo namna hii. Kwa hilo peke yake ningelipa mara mbili.

Mchezo ulikuwa mrefu na tulitoka usiku. Ukienda michezo ya usiku, panga usafiri wa kurudi mapema. Dereva wetu alitupandishia bei dakika za mwisho, na kwa kuwa nilikuwa na mzee sikuwa na la kubishana. Beba sweta. Watoto wadogo waache nyumbani, kuna ulevi na mambo ya mimba ambayo hayawahusu.

Tata alikuwa na lalamiko moja tu: Kĩgũũnda aliyemwona mazoezini 1977 alikuwa na sauti nzito kuliko huyu. Zaidi ya hapo aliridhika kabisa, akawapigia simu wanawake wa chama chake. Walitaka kuja wote wiki iliyofuata, na kazi ya tiketi na usafiri nikapewa mimi. Nikaanza kuulizia matatu ya kukodi ya laini ya Limuru, ambayo dereva angekubali kutusubiri hadi mchezo uishe.